Leteni Mfumo Wenu Mbangala Kwanza

Ingia steshenari ya Mbangala, wilayani Songwe, saa nne asubuhi. Utamkuta kijana mbele ya kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 4, anatazama duara likizunguka. Kwenye benchi yuko mama na bahasha ya vyeti vya mwanawe mapajani. Fomu wanayotaka kuijaza ina maswali 11: jina, tarehe ya kuzaliwa, shule, namba ya simu na mengine ya namna hiyo. Ukurasa umeanza kwa picha kubwa ya watu wanaotabasamu, ikafuata video ambayo hakuna aliyeiomba, kisha ukaganda. Bando limekata kabla ya swali la tatu.

"Mama, mtandao unasumbua. Rudi jioni."

Jibu hilo tumelisikia hadi tumelikinai. Mtandao una makosa yake, hatukatai. Lakini majibu ya maswali yale 11, yakiwa maandishi matupu, hayafiki hata kilobaiti 2. Kinachomaliza bando ni mapambo. Umetumwa kupeleka barua, wewe umekodi Fuso.

Na ushahidi kwamba mambo yanaweza kuwa mepesi anao mama huyo huyo, kwenye pindo la kanga. Kitochi chake kinatuma na kupokea hela kwa kubonyeza nyota, namba na reli. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008 kwa njia hiyo, na ujumbe mmoja wa menyu za aina ile hauzidi herufi 182. Ndani ya herufi hizo, mchimbaji mdogo wa dhahabu anatuma matumizi nyumbani, na dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya Tunduma anamtumia mkewe hela ya unga. Hakuna aliyelipwa posho ya semina ili ajifunze. Walioiunda walijua mteja ana simu gani, wakaanzia hapo.

Vijana wetu wanaotengeneza programu hawakosi maoni. Wakutanishe wawili, uwe Dar es Salaam au Mbeya, usikie ubishi: huyu anaapa kwa Linux, yule kwa Windows; huyu anaandikia Vim, yule anamcheka na VS Code yake. Ubishi mtamu kama wa Simba na Yanga. Swali moja tu halisikiki: mteja ana kompyuta gani?

Maana siku hizi mtindo ni huu: mtu anatengeneza programu ya kompyuta ya kuandika oda za duka, kisha anaifungia kivinjari kizima ndani yake ili kazi imwishie haraka. Kwake haina shida, ana laptopu mpya na intaneti ya waya. Duka likiwa na programu tatu za namna hiyo, kompyuta imebeba vivinjari vitatu kabla hata hujafungua kile cha kawaida. Ni kama kwenda shambani kuchemsha chai ukiwa umejitwisha jiko, mtungi wa gesi na kabati la vyombo.

Kilio hiki si cha leo. Niklaus Wirth, Mswisi aliyebuni lugha ya Pascal, aliandika mwaka 1995 kwamba programu zinazidi kuwa nzito upesi kuliko kompyuta zinavyozidi kuwa na kasi. Alijua anachosema. Turbo Pascal ya mwanzo, programu ya miaka ya 1980 ya kuandikia lugha hiyo, ikiwa na sehemu ya kuandikia na ya kutafsiri msimbo kwa pamoja, haikufika kilobaiti 40. Picha moja ya WhatsApp inaishinda uzito. Wirth alifariki Januari 2024, na alilolilalamikia ndilo linalozunguka kwenye kioo cha steshenari.

Tuje kwenye kompyuta yenyewe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, isipokuwa kwa nyongeza ya muda kwa wanaojiandikisha. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ambazo kwa sehemu kubwa ni za kuanzia 2018 hivi. Kompyuta nyingi za mtumba tunazonunua hazimo. Bodi nzima, kioo kizima, kibodi imepungua herufi mbili tu, lakini mlango umefungwa.

Sasa tunafanyaje? Tunamwita fundi aje "kupiga Windows" kwa flashi iliyopita kwenye kompyuta arobaini, ya wizi na yenye virusi wake. Baada ya miezi mitatu kompyuta inaganda, fundi anaitwa tena, elfu kumi nyingine inatoka. Tumeizoea gharama hiyo kama tulivyozoea vumbi.

Dawa iko wazi na ni bure: Linux badala ya Windows. Ubuntu ipo tangu 2004, Linux Mint tangu 2006. Mint inafanya kazi kwenye RAM ya GB 4, ni halali, na virusi wengi wa flashi zetu waliandikiwa Windows, hivyo huko hawafurukuti. Mwenye programu ya hesabu isiyokubali kitu kingine abaki na Windows yake, hatugombani naye. Lakini kompyuta ya kuchapa barua, kujaza fomu na kutoa kopi inadai nini zaidi ya kivinjari, sehemu ya kuandikia na printa inayotii?

"Watu hawajazoea." Kisingizio hicho nacho kipumzishwe. Menyu iko pale pale kushoto chini, faili linafunguliwa kwa kubonyeza mara mbili. Watu waliozoea nyota na reli bila mwalimu watashindwa hapo? Na Kiswahili si kikwazo. Desemba 2004 mradi wa Kilinux, wenye makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia na kupigia hesabu, menyu zake kwa Kiswahili, bure. Miaka zaidi ya 20 imepita tangu tuonyeshwe kwamba inawezekana. Tuliishangilia, tukarudi kwa fundi wa flashi.

Kisha kuna hii ya kila mfumo kutegemea intaneti kwa kila pumzi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu baharini, na nchi nzima ikaonja. Kazi nyingi zilisimama ambazo hazikuwa na sababu ya kusimama. Mtu kuandikwa jina lake kwenye kompyuta iliyo mbele yake kunahusiana nini na waya ulio chini ya bahari?

Makarani wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa huko Mbozi, wanalijua hili kitambo. Mkulima anapima, karani anaandika kilo kwenye daftari, mkulima anapewa stakabadhi, hesabu zinapelekwa mjini baadaye. Daftari halijawahi kumwambia mtu arudi jioni. Programu inaweza kufanya vivyo hivyo: itunze taarifa kwenye kompyuta kwanza, itume mtandao ukipatikana. Kifaa cha kutunzia kipo, kinaitwa SQLite. Kilitolewa mwaka 2000, hakilipiwi, na kimo ndani ya kila simu ya Android. Kisichokuwepo ni mtu wa kuwalazimisha watengenezaji wakitumie.

Basi walazimishwe. Mamlaka ya Serikali Mtandao ina sheria yake ya mwaka 2019 na uwezo wa kuweka viwango. Halmashauri na mashirika ndiyo yanayosaini mikataba na kulipa. Kwenye kila mkataba kiongezwe kifungu kimoja: malipo ya mwisho hayatoki mpaka mtengenezaji apande basi na mfumo wake, aje sehemu kama Mbangala, aketi mbele ya kompyuta kuukuu kuliko zote na bando la MB 500 alilonunua kwa hela yake. Amsaidie mama mwenye bahasha kujaza fomu. Katikati ya kazi intaneti izimwe, ionekane kama majibu yaliyokwisha kuandikwa yamepona. Fomu ikikamilika ndani ya dakika kumi, alipwe. Isipokamilika, arudi na mfumo wake akapunguze mizigo.

Tunajua litakalosemwa: Mbangala ni mbali. Mbali kwa nani? Mama mwenye bahasha haoni ni mbali, anakaa hapa. Fomu ikishindikana hapa, yeye ndiye anayetakiwa kutafuta nauli ya Vwawa, na siku yake ya shamba imekwenda. Safari hiyo aifunge mtengenezaji, tena mara moja tu, kabla hajalipwa.

Steshenari inafunguliwa saa mbili. Aje mapema, kuna foleni.