Paris–Bordeaux: Sheria iliyofuta ndege zilizokwisha kuondoka

KUTOKA Paris hadi Bordeaux, kusini magharibi mwa Ufaransa, ni takriban kilomita 500 kwa mstari ulionyooka. Ndege huzimaliza kwa saa moja na dakika chache. Kwa hesabu hiyo, treni haina nafasi.

Hata hivyo, muda ulioandikwa kwenye tiketi si muda wa safari. Abiria wa ndege hulazimika kufika kiwanjani mapema akakaguliwe, na anaposhuka Mérignac huwa bado yuko nje ya mji. Treni huondoka kituo cha Montparnasse, ndani ya Paris, na kuishia Saint-Jean, ndani ya Bordeaux. Tangu Julai 2, 2017, ilipofunguliwa reli mpya ya mwendo kasi ya kilomita 302 kati ya Tours na Bordeaux, treni ya haraka zaidi hutumia saa mbili na dakika nne. Awali ilitumia zaidi ya saa tatu.

Reli hiyo ndiyo iliyoipa serikali ubavu. Mwaka 2020, Air France ilipoyumbishwa na janga la Covid-19, ilipewa msaada wa mikopo ya euro bilioni 7 kwa sharti la kuachana na safari fupi za ndani zenye mbadala wa treni wa chini ya saa mbili na nusu. Ndege zake kati ya kiwanja cha Orly, Paris, na miji ya Bordeaux, Lyon na Nantes zikasimama. Sheria ya Agosti 2021 ikayafungia mlango mashirika mengine, na amri ya utekelezaji ikatolewa Mei 2023, baada ya Tume ya Ulaya kuridhia.

Hapo ndipo penye utata. Sheria ilipoanza kutumika, ndege ilizozilenga zilikuwa zimekwisha kutoweka. Zile za kuunganisha safari kupitia kiwanja cha Charles de Gaulle hazikuguswa.

Aidha, baraza la wananchi 150 walioteuliwa kwa kura lilikuwa limependekeza kikomo cha saa nne. Serikali ilikipunguza hadi saa mbili na nusu. Kwa kipimo cha wananchi, hata Marseille, inayofikika kwa treni kwa saa tatu na ushei, ingeguswa.

Amri ya 2023 ilitolewa kwa miaka mitatu tu, hivyo mjadala wa kikomo hauwezi kukwepwa. Mfano wa Bordeaux unaonyesha kwamba reli ndiyo iliyotangulia, sheria ikafuata. Toulouse, ambako treni kutoka Paris hutumia zaidi ya saa nne, haiwezi kunyang'anywa ndege kwa kalamu peke yake. Wakazi wake watataka kwanza kuiona reli.