Masika: Jembe, Kitabu na Matembezi



Mvua zimeanza na kila mtu yuko shamba. Ni vizuri. Lakini sisi tunasema: juma lina siku saba, jembe lisizimeze zote.

Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma. Kufika 1975 walibaki 39. Wazee wetu walikwenda darasani baada ya kazi, tena wamechoka. Hivi sisi tunashindwa nini? Kurasa mbili baada ya chakula zinatosha. Mtoto asome, bibi asikilize, asiyeelewa aulize. Kusoma kusipotumika hushika kutu kama jembe.

Nyuma ya nyumba tupande mchicha, kabichi na vitunguu. Bustani hiyo baba naye aipalilie, siyo mama na wasichana peke yao. Nao wanataka saa yao ya kitabu.

Halafu tutembee na watoto. Magari ya watalii yanapita hapa Karatu kwenda Ngorongoro, lakini ni wangapi kati ya watoto wetu wamewahi kuiona kreta? Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni. Tuchange kidogo kidogo, tukodi basi dogo hadi ukingoni. Wauone ule msitu wa juu unaotunza maji ya chemchemi, mpaka za kule Mang'ola kwenye vitunguu. Anayejua maji yanakotoka hakati mti ovyo.

Jamani, tulizungumze hili kwenye mkutano wa ushirika. Elimu haina mwisho.