Mgeni wa Siku Saba

Nchini mwetu ziko Nyarugusu mbili. Ya kwanza iko Geita, katika ukanda wa dhahabu, na wachimbaji wadogo wanaijua kwa maduara yake, makarasha yake na vumbi lake. Ya pili iko wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, nayo ni kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Tangu mwaka 2015 imewapokea Warundi pia. Majina yamelingana, lakini hali ya mgeni katika sehemu hizo mbili hailingani hata kidogo. Kambini mgeni ana karatasi lakini hana jembe. Machimboni aweza kupata sururu, lakini hana karatasi.

Juma hili tuzungumze juu ya mtu anayeomba hifadhi: haki zake, wajibu wake, na wajibu wetu sisi tunaobishiwa hodi. Wako watakaosema kuwa hayo ni mambo ya Serikali na Umoja wa Mataifa. Sivyo, ndugu msomaji. Barabara itokayo mpakani Rusumo hupita Nyakanazi na Ushirombo, ikaingia Kahama hadi Isaka. Mtu aliyekimbia kwao usiku haanzii ofisini. Huanzia kwenye kaya, na mara nyingi mama wa kaya hiyo ndiye anayempa maji ya kunywa kabla ofisa yeyote hajamwona.

Kwanza tutofautishe. Mkataba wa mwaka 1951 unamtaja mkimbizi kuwa ni mtu aliyeihama nchi yake kwa hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini yake, utaifa wake, kundi lake katika jamii au msimamo wake wa siasa. Mkataba wa nchi huru za Afrika wa mwaka 1969 ukawaongeza wanaokimbia vita, uvamizi na machafuko makubwa. Mwomba hifadhi ni yule ambaye ombi lake bado halijaamuliwa. Aliyevuka mpaka kwa ajili ya kutafuta dhahabu tu si mkimbizi, hata kama ni fukara. Huyo anatakiwa kufuata sheria za uhamiaji kama mgeni mwingine.

Haki ya kwanza ya mwomba hifadhi ni kutorudishwa mahali ambapo maisha yake au uhuru wake umo hatarini. Ya pili ni kusikilizwa. Ya tatu ni kutoadhibiwa kwa sababu tu aliingia bila kibali, maana mtu anayekimbia mauaji hapati nafasi ya kupanga foleni ya pasipoti. Lakini haki hii ya tatu imefungamana na wajibu. Mkataba unamkinga yule tu anayejitokeza bila kuchelewa na kueleza sababu zake. Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 imeuweka ucheleweshaji huo katika hesabu: mgeni anapaswa kujitokeza katika muda wa siku saba, mbele ya ofisa anayehusika au mtendaji wa kijiji kilicho karibu.

Baada ya hapo ana wajibu wa kusema kweli anapohojiwa, kutii sheria za nchi, kukaa katika eneo alilopangiwa na kutotoka humo bila ruhusa. Aidha, haruhusiwi kuitumia ardhi aliyopewa hifadhi kupanga mashambulizi dhidi ya nchi aliyoikimbia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Taifa hili liliwahi kuufuata usemi huo kwa vitendo. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu mkoani Tabora, jirani kabisa na Shinyanga, na baadaye Katumba na Mishamo. Walifyeka pori, wakalima, wakajilisha na kuuza ziada. Kufikia mwaka 1985 makazi yote matatu yalikuwa yamekabidhiwa Serikali. Miaka ya baadaye zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo walikubaliwa kuwa raia, na tangu mwaka 2014 wakaanza kukabidhiwa vyeti vyao.

Mambo yalibadilika Aprili 1994. Watu zaidi ya 200,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban siku moja. Misitu ya Ngara ilikatwa kwa kuni, silaha zikaingia, na miongoni mwa waliokimbia walikuwamo pia walioua. Wenyeji walichoka. Sheria ya mwaka 1998 ilizaliwa katika uchovu huo, na ndiyo sababu inatilia mkazo kambi na vibali kuliko mashamba.

Hapo ndipo kishawishi cha machimbo kinapoingia. Kijana mwenye nguvu akilinganisha kukaa kambini akingoja mgawo wa chakula na kushuka duarani akitegemea kupata chochote, hatuwezi kushangaa akichagua duara. Lakini tutazame anachokinunua na bei anayolipa. Akinyimwa mgawo wake wa mawe, atamshtakia nani? Duara likimwangukia, nani atatafuta ndugu zake? Na binti aliyejificha pamoja naye, anayesonga ugali kwa mama lishe kwa malipo ya kulala tu, akitendewa uovu ataogopa kituo cha polisi kuliko anavyomwogopa aliyemtenda. Mtu asiyetaka kuonekana hawezi kudai haki, kwa kuwa kila mlango wa haki huanza kwa kuuliza jina.

Gharama hiyo huwafikia hata watoto. Mwaka 2013 ilifanyika Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Miongoni mwa walioondolewa walikuwamo watu walioishi nchini miaka mingi, walioa na kuolewa hapa hapa. Mume alibaki huku, mke akapelekwa kule, na watoto wakagawanyika. Yafaa kila familia ijue kwamba ndoa peke yake haimpi mtu uraia. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana nafasi ya kuomba, lakini ni lazima aombe. Mtoto aliyezaliwa hapa, ambaye mmoja wa wazazi wake ni Mtanzania, ni raia. Cheti chake cha kuzaliwa kitafutwe mapema, wala kisingojee siku ya msako.

Sisi wenyeji je? Kumfukuza anayekimbia kifo ni ukatili. Kumficha ili alime shamba letu au achimbe kwa ujira wa chakula ni ukatili pia, hata tukiuita ukarimu. Isitoshe, kumhifadhi kwa siri mgeni asiye na kibali ni kosa mbele ya sheria. Sungusungu, jeshi la jadi lililoanzia huku huku Usukumani na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakumbuke kuwa mgeni si mwizi. Akikamatwa njiani, apelekwe kwa mtendaji akiwa mzima.

Mama wa kaya naye anao uwezo mkubwa. Mgeni akishakula na kupumzika, amuulize ametoka wapi na amekuja lini, kisha amsindikize kwa mtendaji wa kijiji, ikiwezekana kesho yake asubuhi. Asimwache aende peke yake, kwani hofu yaweza kumgeuza njiani akashika njia ya machimboni. Jembe litazungumzwa baadaye. Kwanza jina lake liandikwe, kabla ya siku saba kwisha.