Heda kwenye Hilux ya familia: tufunge au tuache?

Safu ya wiki hii ni ya chuma na mafuta, kwa hiyo kama wewe ni mtu wa treni na baisikeli, nivumilie kidogo. Nyuma ya hii stori ya ekzosi kuna swali ambalo wengi wetu tuliozaliwa au kulelewa huku tunalo nyumbani.

Mambo yako hivi. Ndugu watatu tumechangiana Hilux ya 2019, dabo kebini, dizeli ya lita 2.4. Siku za kazi mdogo wangu anabebea viti na mahema ya harusi. Wikendi inahamisha watu nyumba, leo Barking, kesho Croydon. Na baba, aliyerudi zake Kilifi, anaihesabu kama yake tayari. Sasa mdogo wangu anataka tufunge heda, na fundi mmoja kamwambia pauni 1,300, kazi na vifaa. Mimi ndiye mhasibu wa familia, basi ikaja mezani kwangu.

Kwanza tuelewane heda ni nini. Moshi unapotoka kwenye silinda unapita kwenye manifoldi, lile pande la chuma lililofungwa ubavuni mwa injini. Ya kiwandani huwa fupi na nzito, mikondo yote inakutana haraka na kubanana. Heda ni mabomba marefu kidogo, kila silinda na lake, yamepimwa ili msukumo wa moshi wa silinda moja usaidie kuvuta moshi wa inayofuata. Injini inapumua vizuri zaidi, unapata farasi chache za ziada na ule mngurumo ambao mdogo wangu anaota usiku.

Lakini hiyo ni kwa injini isiyo na turbo, kama zile V8 za petroli za Wamarekani. Video zote anazoangalia yeye ni za hizo. Yetu ni dizeli ya turbo. Manifoldi yake ina kazi moja kubwa: kupeleka moshi ukiwa wa moto na wenye nguvu mpaka kwenye turbo, maana ndio unaoizungusha. Turbo yenyewe imekaa palepale karibu na manifoldi. Ukiweka mabomba marefu, joto linapotea njiani na turbo inaweza kuchelewa kuamka. Yaani unalipa pauni 1,300 na gari linakuwa zito kuondoka kwenye taa.

Na sauti je? Turbo inameza sauti. Baada yake kuna kichujio cha masizi, kile mafundi wanachokiita DPF, nacho kinameza iliyobaki. Kwa hiyo heda peke yake haitakupa mngurumo. Ndipo fundi anapokunong'oneza: "Tutoe na hicho kichujio, bosi."

Hapo ndipo mimi nilisema hapana kabla hata sijafungua kikokotoo. Kisheria iko wazi. Tangu Februari 2014, gari lililotoka kiwandani na DPF na sasa halina, linaanguka ukaguzi wa MOT. Kuliendesha barabarani ni kosa, na kwa gari dogo la mizigo faini inafika pauni 2,500. Kubadilisha ekzosi ili iongeze kelele nako kumekatazwa na kanuni za magari za 1986, na kule Kensington na Chelsea wameshaweka hata kamera zinazosikiliza magari. Bima nayo: badiliko lolote lazima uliseme. Ukinyamaza, siku ya ajali watakukumbusha.

Ila faini sio sababu yangu kubwa. Mnamkumbuka Ella Adoo-Kissi-Debrah wa Lewisham? Alikuwa na miaka 9, anaishi karibu na South Circular, akafariki kwa pumu Februari 2013. Desemba 2020 uchunguzi rasmi wa kifo chake ulitaja hewa chafu kuwa mojawapo ya sababu, mtu wa kwanza Uingereza kuandikiwa hivyo. Ile barabara tunapita na mahema yetu karibu kila Jumamosi. Agosti 2023 ULEZ ilipofika London nzima, Hilux yetu haikuguswa na zile pauni 12.50 kwa siku kwa sababu ni Euro 6, na kichujio ni sehemu ya kilichoifikisha hapo. Siwezi kukitoa halafu nikapita mbele ya shule za watoto wa watu kama sisi.

Halafu kuna Kilifi. Kenya hairuhusu gari la kuagizwa lililozidi miaka 8, kwa hiyo la 2019 lazima liwe limeshafika Mombasa kabla 2026 haijaisha. Kabla ya kupanda meli linakaguliwa kwa masharti ya KEBS. Nikampigia baba. Akasikiliza kwa adabu yote, kisha: "Mwanangu, mimi nataka gari la kubebea nazi. Kelele zipo za kutosha huku."

Nilidhani tumemaliza. Mdogo wangu akanyamaza, halafu akasema, "Sawa dada. Lakini umewahi kuona kitu chochote katika nyumba hii ambacho ni chetu? Sufuria zinasubiri kwenda nyumbani. Friji linasubiri. Sasa hata gari linasubiri. Sisi tunaishi lini?"

Hilo sikuwa na jibu lake la haraka, na sitajifanya nilikuwa nalo. Tumekulia kwenye nyumba zenye masanduku juu ya kabati, na ni kweli kwamba ukizoea kutunza kila kitu kwa ajili ya kwenda nyumbani unaweza kufika miaka 35 hujatoa hata plastiki kwenye sofa. Hamu yake ya kuwa na kitu kinachonguruma kwa jina lake ni ya haki kabisa. Tatizo ni kwamba anaidai kwa Hilux, na Hilux haiwezi kumlipa.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Heda hapana, kichujio hakiguswi. Hilux inapata sevisi kamili na matairi, inafanya harusi za kiangazi, kisha inapanda meli mapema, si Desemba ya kukimbizana. Zile pauni 1,300 zinakwenda kwake, ziwe mwanzo wa kijigari chake cha petroli kisicho na turbo. Anaitaja Mazda MX-5. Hiyo ukiifungia heda halali, katalisti ikabaki mahali pake na bima wakaambiwa, utasikia tofauti. Na haitapelekwa Kilifi, hilo tumeandika kabisa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Baba kaweka dole gumba.

Na nyie je, kwenu kuna kitu gani ambacho hakisubiri meli? Tuandikieni, tutasoma kwenye kipindi kijacho.