Utumwa: Radhi imeombwa, bei za bima bado zina maswali

Mtu anayetaka kuendesha gari nchini Uingereza hulazimika kwanza kukata bima, walau ile ya kulinda watu wengine barabarani. Sharti hilo liliwekwa kwa sheria ya mwaka 1930, na watawala wa kikoloni wakalifuata walipotunga sheria za bima ya magari za Kenya na Tanganyika. Kwa hiyo dereva wa Nairobi au Dar es Salaam anayehamia London haoni jambo geni katika kudaiwa bima. Ugeni anaukuta kwenye bei. Huulizwa umri, kazi, aina ya gari na ajali alizowahi kupata, kisha huulizwa postikodi, yaani namba inayotambulisha mtaa anakolaza gari lake.

Namba hiyo ndiyo iliyozua mjadala. Machi 2022, shirika la ushauri kwa wananchi la Citizens Advice lilitoa ripoti iliyoeleza kwamba watu wasio Wazungu miongoni mwa wateja wake walilipa wastani wa paundi 250 zaidi kwa bima ya gari mwaka 2021 kuliko Wazungu. Aidha, katika maeneo yenye wakazi wengi weusi au wenye asili ya Asia ya Kusini, kila mkazi, hata awe Mzungu, alitakiwa kulipa angalau paundi 280 zaidi. Shirika hilo lilipima kama tofauti hiyo ilitokana na uhalifu, ajali au umaskini wa eneo, likasema hakuna kati ya hayo lililotosha kuieleza.

Kampuni za bima zilijibu kwamba hazimuulizi mteja rangi yake wala hazitumii kabila kupanga bei. Kisheria ziko sahihi kusema hivyo, maana Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi wa rangi katika utoaji wa huduma. Hoja yao ni kwamba bei hufuata hatari: wizi, msongamano wa magari na gharama za madai katika mtaa husika. Lakini swali linabaki pale pale. Kama rangi haiulizwi, na postikodi inajua watu wa rangi gani wanaishi wapi, mteja wa mtaa huo ananufaika vipi na kutoulizwa?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa sababu biashara ya bima ya Uingereza ilikulia katika kumpangia bei Mwafrika. Soko la Lloyd's, lililoanzia katika mgahawa wa kahawa wa Edward Lloyd jijini London mwishoni mwa karne ya 17, lilikua pamoja na biashara ya meli, na meli nyingi zilikuwa za watumwa. Katika hati za bima, binadamu waliofungwa minyororo waliandikwa kama mzigo.

Tukio la meli ya Zong linaonyesha maana ya jambo hilo. Kuanzia Novemba 29, 1781, mabaharia wa meli hiyo ya wafanyabiashara wa Liverpool waliwatupa baharini Waafrika zaidi ya 120, wakidai kwamba maji ya kunywa yalikuwa yakiwaishia. Wenye meli walidai bima paundi 30 kwa kila aliyetupwa. Mwaka 1783 baraza la mahakama liliwapa ushindi. Bima walipopinga, Jaji Mansfield aliona kuna haja ya kusikiliza shauri upya, lakini alikwisha kueleza kwamba machoni pa sheria ilikuwa sawa na kutupa farasi. Hakuna aliyeshitakiwa kwa mauaji, ingawa mpinga utumwa Granville Sharp alijitahidi afikishe jambo hilo mahakamani.

Utumwa ulipofutwa kwa sheria ya mwaka 1833, hesabu ilikuwa ile ile. Serikali ilitenga paundi milioni 20 kuwafidia wenye watumwa; watumwa wenyewe hawakupewa hata senti. Mkopo uliochukuliwa kulipia fidia hiyo uliunganishwa na madeni mengine ya taifa, na Wizara ya Fedha ilieleza kwamba ulimalizika kulipwa mwaka 2015. Maana yake ni kwamba Mjamaika, Mkenya au Mtanzania aliyefanya kazi na kulipa kodi Uingereza kabla ya mwaka huo alichangia kumfidia aliyemmiliki babu wa jirani yake.

Baada ya kuuawa kwa George Floyd nchini Marekani mwaka 2020, Lloyd's iliomba radhi kwa nafasi yake katika biashara hiyo. Novemba 2023 ilitangaza kutenga takriban paundi milioni 52, sehemu kubwa ikiwa ya kuwekeza na nyingine ya kuwasaidia watu weusi kupata elimu na ajira. Wanaharakati wa fidia walisema hatua hiyo haitoshi. Wakati huo huo, serikali ya Uingereza imeendelea kukataa kulipa fidia ya utumwa, hata baada ya viongozi wa Jumuiya ya Madola waliokutana Samoa Oktoba 2024 kukubaliana kwamba wakati umefika wa kulizungumzia suala hilo.

Marekani imepita njia inayofanana. Mwaka 2000 jimbo la California lilitunga sheria ya kuzitaka kampuni za bima zitoe kumbukumbu za bima zilizokatwa juu ya maisha ya watumwa, ambazo malipo yake yalikwenda kwa bwana mtumwa alipokufa. Mwaka huo huo kampuni ya Aetna iliomba radhi. Hata hivyo, mwaka 2017 shirika la habari za uchunguzi la ProPublica na jarida la Consumer Reports yalichunguza majimbo manne, California ikiwemo, yakaripoti kwamba baadhi ya kampuni zilitoza bei kubwa zaidi katika mitaa ya watu weusi na jamii nyingine za wachache kuliko mitaa ya Wazungu yenye hatari inayolingana. Wenye kampuni walipinga hesabu hizo.

Ni dhahiri kwamba karani wa leso si mrithi wa nia ya wafanyabiashara wa Zong, na atakayedai hivyo ataudhoofisha mjadala. Kilichorithiwa ni mpangilio wa makazi na mali. Mtu mweusi hakujikuta katika mtaa fulani kwa bahati nasibu. Alifikishwa huko na ujira mdogo, wenye nyumba waliokataa kumpangisha, na benki zilizokataa kumkopesha. Kanuni ya bima inayachukua matokeo ya historia hiyo kana kwamba ni hali ya hewa, kisha inamtoza yeye gharama yake.

Wapo watakaosema hesabu haina hisia na haiwezi kubadilishwa. Ulaya imekwisha kuonyesha kinyume. Mwaka 2011 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya Test-Achats kwamba bima zisipange bei kwa jinsia, na tangu Desemba 21, 2012 amri hiyo ikaanza kutumika, Uingereza ikiwemo. Takwimu zilionyesha kuwa vijana wa kiume hupata ajali zaidi. Hata hivyo sheria ilichagua usawa. Jamii ndiyo inayoamua ni takwimu ipi iruhusiwe kumtoza mtu.

Kwa hiyo kampuni zinazotaka radhi zao ziaminike zina kazi iliyo ndani ya uwezo wao: kufungua kanuni zao za bei mbele ya wasimamizi wa sekta, kuonyesha mtaa kwa mtaa ni hatari gani inayotozwa, na kuondoa nyongeza isiyo na maelezo. Kazi hiyo haihitaji kusubiri mkutano wa Jumuiya ya Madola wala bunge kuamua fidia ya karne mbili zilizopita.

Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Radhi huombwa mara moja, mbele ya kamera. Bima ya gari hulipwa kila mwaka.