Rangi ya Zamani Isivuliwe kwa Pupa

Asetoni inayofuta rangi ya kucha huyeyusha pia polistirini, plastiki inayotumika kuunda vichwa na mabehewa mengi ya treni za mfano. Hata hivyo, wapo wanaoikimbilia wakitaka kuvua rangi ya zamani. Muda mfupi tu, na safu za ribiti ndogo zilizochongwa kwa ustadi zimeshafutika. Hasara hiyo hairekebishiki.

Spiriti ya isopropili ndiyo inayostahili kujaribiwa kwanza. Behewa huvuliwa magurudumu, vioo na vyuma, kisha huzamishwa katika chombo chenye mfuniko, dirisha wazi na moto ukiwa mbali, maana mvuke wake huwaka upesi. Rangi ikianza kujikunja, husuguliwa taratibu kwa mswaki laini. Ikigoma, behewa lirudishwe ndani. Kisu kikae mbali.

Uingereza, mafundi wengi wa treni hizi hutumia Dettol, ile ile ya kahawia inayouzwa Dar es Salaam na Mombasa. Inafanya kazi, ila ina vituko vyake: maji yakiigusa mapema, rangi iliyolainika huwa utando mzito unaonata kila pembe. Kwa hiyo behewa husuuzwa kwanza kwa Dettol safi. Maji ya sabuni hufuata.

Dawa yoyote ijaribiwe kwanza chini ya behewa, pasipoonekana. Na kama nembo na namba za kiwandani bado zinasomeka, heri rangi hiyo iachwe, kwani dawa haichagui: huondoa kizuri na kibaya pamoja.