Vishikwambi Vitoke Kabatini

Itakumbukwa kwamba katika kampeni za uchaguzi mkuu wa mwaka wa 2013, muungano wa Jubilee uliwaahidi Wakenya kuwa kila mtoto atakayeingia darasa la kwanza katika shule ya umma atapewa kipakatalishi. Ahadi hiyo ilisukwasukwa mahakamani na katika kamati za zabuni, zabuni iliyotolewa mwaka wa 2014 ikafutiliwa mbali, kipakatalishi kikageuka kuwa kishikwambi, na hatimaye mwaka wa 2016 vifaa vikaanza kusambazwa. Serikali imetangaza mara nyingi kwamba zaidi ya vifaa milioni moja vilifikishwa katika shule za msingi zaidi ya 20,000. Sina sababu ya kuitilia shaka hesabu hiyo. Lakini kufika shuleni ni jambo moja, na kufika darasani ni jambo jingine kabisa.

Niliwahi kuzuru shule moja ya msingi ya mashambani, ambayo kwa kuwastahi waliomo sitaitaja. Mwalimu mkuu alinikaribisha kwa ukarimu, kisha akanipeleka hadi stoo iliyotiwa mlango wa chuma na makufuli mawili. Ndani mlikuwa na kabati, na kabatini vishikwambi vimepangwa safu kwa safu, vingine vikiwa bado na karatasi laini ya kiwandani juu ya kioo. Nilipomuuliza hutumiwa lini, alicheka kidogo, akaniambia kwamba kimoja kikipotea, ni yeye atakayeitwa ofisini kueleza.

Simlaumu mwalimu huyo. Alikabidhiwa mali ya serikali, akatia sahihi, na tangu siku hiyo amekuwa bawabu kwanza na mwalimu baadaye. Anajua kwamba hakuna mkaguzi atakayemuuliza ni watoto wangapi waliokigusa kifaa, ila hakosi atakayeuliza vimebaki vingapi. Katika hali kama hiyo, hata mimi ningenunua kufuli la tatu. Kwa bahati mbaya, betri haijui habari za makufuli. Betri iliyokaa miaka bila kuchajiwa hufa, na anayekihifadhi kifaa kwa njia hiyo anakihifadhi mpaka kiwe gae.

Tumfikirie mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka wa 2016, vifaa hivyo vilipoanza kuteremshwa malorini. Mwaka wa 2023 mtoto huyo alifanya mtihani wa mwisho kabisa wa KCPE. Miaka saba imepita baina ya malori na mtihani. Na katikati ya miaka hiyo, Machi 2020, shule zote zilifungwa kwa ajili ya korona. Masomo yakapelekwa redioni, kwenye runinga na mtandaoni, na mtoto ambaye kwao hamna stima wala rununu ya maana akabaki kuchunga mbuzi. Wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirejea Oktoba mwaka huo; wenzao walingoja hadi Januari 2021.

Jambo ambalo wengi hawalijui, wakiwemo walimu, ni kwamba vifaa hivyo havikuletwa vitegemee intaneti peke yake. Pamoja na vishikwambi, shule ilipewa vipakatalishi viwili vya walimu, projekta, na mtambo mdogo wa kuhifadhia masomo ambao huyarusha darasani bila waya. Hoja ya kwamba kijijini hakuna mtandao, kwa hivyo hakuna la kufanya, haina miguu ya kusimamia.

Nitoe mfano wa somo ninalolipenda. Mwalimu wa Kiswahili mwenye wanafunzi sitini hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma katika kipindi kimoja. Yuko mtoto asemaye karamu akikusudia kalamu, na yuko mwenziwe asemaye samba akimaanisha shamba, na huenda wakafika gredi ya sita bila ya kujua kwamba wanakosea, maana sikio la mtu haliyasikii makosa ya ulimi wake mwenyewe. Kishikwambi hurekodi sauti. Mtoto asome aya moja, ajisikilize, kisha amsikilize mwalimu akiisoma aya ile ile. Atacheka kwanza, kisha atajirekebisha. Jioni mwalimu atasikiliza sauti kumi, kesho kumi nyingine. Hapo hapakuhitajika hata senti ya bando.

Na tukitaja bando, mzigo huo umebebwa na nani? Ni mwalimu anayepakua picha na maelezo kwa rununu yake, kwa mshahara wake. Ni mama anayetumwa saa moja usiku atafute mahali pa kuchapisha picha ya mnyama kwa ajili ya kazi ya ziada ya mtoto, ilhali picha hiyo ingetazamwa darasani bila kuchapishwa.

Wapo wanaohofu kwamba mashine itawafundisha watoto uvivu, wanakili insha na kuziwasilisha kama zao. Hofu hiyo ina ukweli wake. Hata hivyo, insha zinazonakiliwa leo zinatoka kwenye rununu za nyumbani, wala hazitoki kwenye kabati lile. Mwalimu asiyepewa nafasi ya kuzizoea zana hizi ndiye atakayedanganywa kwa urahisi zaidi.

Tangu Januari 2023 wanafunzi wa sekondari msingi wamo katika ua huo huo wa shule za msingi, na wengi wanasomea kompyuta vitabuni hatua chache kutoka stoo. Wizara ya Elimu na ihesabu upya vifaa hivi, na safari hii ivihesabu vinavyowaka. Vilivyokufa viondolewe daftarini. Kisha itoe waraka ulio wazi kwamba kifaa kilichoharibika au kupotea katika matumizi halali ya darasani, na kuandikwa katika rejista, hakitatozwa mwalimu wala mwalimu mkuu. Waraka wa namna hiyo hauhitaji zabuni. Ukurasa mmoja unatosha.